Wadacia: Roma iliwafuta kweli?

Ukigusa habari za Wadacia, wale wa milima ya Carpathia kaskazini ya mto Danube, Romania ya leo, ubishi ni uleule: Kaizari Trajan aliwamaliza au hakuwamaliza? Na ubishi wenyewe moto kwelikweli, maana Waromania na Wahungaria wameutumia sana kugombania nani alitangulia Transylvania, eneo la Romania ya leo.

Wanaosema aliwamaliza tusiwabeze. Vita viwili, mwaka 101 hadi 102 halafu 105 hadi 106 baada ya Kristo, mji mkuu wao Sarmizegetusa ukabomolewa, mfalme Decebalus akajiua asikamatwe hai. Eutropius, mwandishi wa karne ya 4, anasema vita viliimaliza Dacia, nchi yao, wanaume ndo maana Trajan akajaza watu kutoka kila kona ya dola. Na kwenye mawe ya maandishi ya Dacia ilipokuwa jimbo la Roma, majina ya Kidacia ni ya kutafuta kwa tochi, hata migodi ya dhahabu ya Alburnus Maior waliletwa Wailiria, watu wa Balkani magharibi.

Lakini jamani, mkulima wa kijijini atoe wapi hela ya kuchongesha jiwe la Kilatini? Vyungu vyao vya kufinyanga kwa mkono vinaendelea kuonekana vijijini chini ya utawala huohuo wa Roma. Vijana nao walichukuliwa jeshini, kikosi chao kimoja kikawekwa Birdoswald, kwenye ukuta wa Hadrian kule Uingereza, na pale limepatikana jiwe la kaburi la ndugu wawili, mmoja alikufa bado mchanga kabisa na jina lake ni Decibalus. Yani mtoto anazikwa kwenye ngome ya jeshi lilelile lililomwinda mfalme wao, na jina alilopewa ni la mfalme huyo!

Halafu kuna wale wa nje ya mpaka ambao Roma haikuwatawala kabisa. Wakostoboki mwaka 170 hivi walishuka mpaka Eleusis, karibu na Athens, Wakarpi wakasumbua sana karne ya 3. Na Cassius Dio, mwanahistoria wa Roma, anaandika kwamba enzi za Kaizari Commodus Wadacia 12,000 waliofukuzwa kwao waliahidiwa ardhi ndani ya jimbo, sasa watu waliokwisha wanaahidiwaje ardhi?

Mi naona Trajan aliua ufalme na wakubwa wake, ambao ndo wangekuwa na uwezo wa kuacha majina kwenye mawe. Ila kutoka hapo kuruka hadi kusema Waromania wa leo ni Wadacia moja kwa moja, hapana, baada ya Kaizari Aurelian kuondoa jeshi Dacia miaka ya 270 ushahidi unakuwa mwembamba mno.