Kioo juu ya kioo: nani abebe mzigo wa kusomeka?

Kiswahili kina neno moja, kioo, kwa dirisha la gari, kwa kile unachojitazamia asubuhi, na kwa uso wa simu. Kwa hiyo Apple ilipotangaza Juni 2025 kwamba mifumo yake itavaa sura mpya iitwayo Liquid Glass, yaani kioo cha majimaji, habari ile kwetu ilikuwa na ucheshi wake: wanaweka kioo ndani ya kioo. Vitufe, menyu na paneli vikawa kama vipande vya bilauri vinavyopindisha picha iliyo nyuma yake. iOS 26, mfumo wa simu za iPhone, ikatoka tarehe 15 Septemba. Wiki saba baadaye, tarehe 3 Novemba, likaja sasisho la 26.1 likiwa na chaguo jipya kwenye mipangilio ya skrini: kioo kiwe safi, au kiwe na tinti.

Tinti. Dereva yeyote wa mjini anaijua. Ni dawa ya kioo kinachoonyesha mno.

Chaguo hilo limewagawa watu. Wapo wanaosema hivi ndivyo kosa linavyorekebishwa: mpe mtumiaji uamuzi, kila mtu na macho yake. Wapo wanaosema ni kukiri kosa na kuliacha palepale. Mimi naona wote wanalizunguka swali lenyewe. Maandishi yakikaa juu ya kitu kinachoonyesha cha nyuma, ni nani anayewajibika kuhakikisha yanasomeka? Mbunifu, au picha ya harusi ya dada yako uliyoiweka kwenye skrini?

Tuanze na wanaokitetea kioo, maana hoja yao mara nyingi hupewa dakika moja kisha ikazikwa. Skrini ya simu ni ndogo. Kila safu ya vitufe ni ardhi iliyonyang'anywa ramani, picha au ukurasa unaosoma. Kitufe kinachopitisha nuru kinaiacha ramani iendelee chini yake, nawe unajua barabara haikuishia pale kitufe kilipoanzia. Tena kioo kinaeleza mpangilio bila maneno. Ukivuta paneli kutoka juu na kuona ukurasa wako umefifia nyuma yake, unajua ukurasa haujafungwa, umefunikwa tu. Aliyekulia kwenye nyumba yenye pazia mlangoni hahitaji somo hili: pazia likipepea unaona kuna sebule huko ndani, ingawa hujui nani amekaa.

Hoja hii ina nguvu zaidi kwenye visionOS, mfumo wa miwani ya Vision Pro iliyoanza kuuzwa Marekani Februari 2024, ambako Apple yenyewe inasema ilichota wazo lake. Kwa aliyevaa miwani ile, dirisha la programu linaelea katikati ya chumba chake. Likiwa zito kama ubao litamficha meza, ngazi na mtoto anayepita mbio. Kule kioo kina kazi ya kufanya. Kwenye simu, nyuma ya kitufe hakuna ngazi wala mtoto. Kuna maandishi mengine na picha nyingine, vyote vikigombea jicho lilelile.

Na hapo ndipo hesabu inapoingia, ambayo haijali ladha ya mtu. Kompyuta haina kioo. Ina mchanganyo wa rangi. Thomas Porter na Tom Duff, waliokuwa kampuni ya filamu ya Lucasfilm, waliziweka kanuni zake sawasawa mwaka 1984: chukua kiasi fulani cha rangi ya juu, kilichobaki kijaze kwa rangi ya chini. Kwa upande wa pili, miongozo ya WCAG, ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, inataka mwanga wa maandishi ya kawaida na mwanga wa kilicho nyuma yake upishane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi makubwa yanaruhusiwa kushuka hadi 3 kwa 1. Sasa chukua herufi nyeupe, ziweke juu ya kioo cheusi kilichokolea asilimia 20, na nyuma ya kioo hicho iwe karatasi nyeupe tupu. Uwiano unatoka 1.6. Herufi hizo hazisomwi, zinakisiwa. Koleza kioo hadi asilimia 50: unapata karibu 4, na bado hujafika. Ukifika 55 ndipo unavuka, kwa 4.7. Lakini kioo chenye weusi wa asilimia 55, kwa aliyekibuni, si kioo tena. Ni tinti.

Wengi hudhani ukungu utawaokoa. Weka ukungu mzito nyuma ya maandishi, wanasema, na tatizo limekwisha. Ukungu ni wastani: kila pikseli inachanganywa na jirani zake. Unafuta kingo, na unazizuia herufi za nyuma zisipigane na za mbele, jambo ambalo si dogo. Lakini wastani wa nyeupe na nyeupe ni nyeupe. Ukungu haupunguzi mwanga hata chembe. Ndiyo maana paneli inaweza kupendeza juu ya picha ya bahari jioni, kisha ikapotea kabisa unapofungua ukurasa wa hati.

Dawa nyingine ni kukifanya kioo kijigeuze. Kwenye iOS 26 vitufe vidogo hupima kilicho nyuma yake: pakiwa na mwanga, alama zinakuwa nyeusi, pakiwa na giza, zinakuwa nyeupe. Kwenye picha iliyotulia mbinu hii inafanya kazi vizuri, na nawapa haki yao. Mkono ukianza kusogeza ukurasa wenye picha nyeusi na aya nyeupe zikipokezana, kitufe nacho kinageuka na kugeuka tena, na jicho linavutwa na kitufe ambacho hukuwa na haja nacho. Umeponya kusomeka, umezaa kupepesa. Matoleo ya majaribio, kati ya Juni na Septemba 2025, yanaonyesha jinsi jambo hili lilivyowapa shida wenyewe: la pili likaipunguzia uangavu paneli ya vidhibiti, la tatu likaongeza ukungu kwenye safu za vitufe hadi wapenzi wa kioo wakanung'unika, la nne likarudisha sehemu ya uangavu ule.

Hakuna jipya hapa, na hilo ndilo linalonikera kidogo. Windows Vista ilipowafikia wanunuzi Januari 30, 2007, fremu za madirisha yake zilikuwa kioo cha Aero. Wahandisi wa Microsoft walijua jina la dirisha litapotea, wakaweka wingu jeupe lililofifia nyuma ya herufi. Dirisha likijaza skrini nzima, kioo kilizibwa kikawa cheusi. Wingu lile ni mbinu ya manukuu ya filamu, yenye ukingo mweusi kuzunguka herufi nyeupe ili zisomeke juu ya theluji na juu ya usiku. Ilikuwa sura ya kizamani, sawa, lakini jina la dirisha lilisomeka. Oktoba 2012 Windows 8 ikaja na fremu za rangi moja, kioo kikatupwa.

Kwa Apple kisa kinafanana hadi kwenye dawa. Mac OS X Leopard, Oktoba 2007, iliufanya mstari wa menyu juu ya skrini uonyeshe picha ya nyuma. Watu wakalalamika. Februari 2008 likatoka sasisho la 10.5.2, na ndani yake kisanduku kidogo cha kuzima uangavu ule. Kampuni ileile, malalamiko yaleyale, na mara zote mbili swichi ikafika baada ya bidhaa.

Basi swichi ni nzuri au ni mbaya? Upande mmoja siwezi kuupinga. Macho hayafanani. Mtu wa miaka 20 na mama yake wa miaka 65 hawaioni skrini moja kwa namna moja. Mtoto wa jicho unatawanya mwanga, na kinachopotea kwanza ni vile vilivyopishana kidogo. Kuwapa wote sura moja, iwe ya kioo au ya ubao, ni kumnyima mmoja wao. Na chaguo la Novemba lina ubora mmoja juu ya lile lililokuwapo siku zote, la kupunguza uangavu, lililokaa ndani ya mipangilio ya ufikivu. Watu wengi hawaingii mlango ule, wakidhani ni wa wenye ulemavu peke yao. Kuitoa dawa humo na kuiweka pamoja na mwangaza wa skrini ni kusema wazi kwamba kutosoma maandishi si ugonjwa wa msomaji.

Upande wa pili nao una lake. Wengi wa wanaoshika simu hawagusi mipangilio. Mtu akishindwa kusoma arifa hasemi "ngoja nitafute chaguo la kioo". Anasema macho yangu yameharibika, au anampa kijana wa jirani amsomee. Swichi inamsaidia anayejua kwamba ipo. Kwa hiyo uamuzi wenye uzito ni ule wa hali ya mwanzo, jinsi simu inavyotoka kwenye boksi, na hapo Apple imebaki na kioo safi.

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani kwenye picha za matangazo. Ukungu unaofuata kila kinachosogea nyuma yake lazima uhesabiwe upya kila fremu, yaani kila skrini inapochorwa upya, na prosesa ya michoro inalipa kwa chaji. Android iliruhusu ukungu kati ya madirisha tangu toleo la 12, mwaka 2021, lakini ikaacha mlango wa kuuzima simu inapoingia kwenye hali ya kuokoa betri, na mwandishi wa programu anatakiwa kuandaa rangi ya akiba kwa hali hiyo. Asipoiandaa, kioo kinabaki bila ukungu, na maandishi ya nyuma na ya mbele yanagongana kama watu wawili wanaoongea kwa pamoja. Kwa mwenye simu ya bei nafuu hii ni hali ya kila siku.

Halafu kuna jua. Mwanga wa nje unaorudi kutoka kwenye uso wa simu unajiongeza sawasawa kwenye herufi na kwenye kilicho nyuma yake, na mwanga uleule ukiongezwa pande zote mbili uwiano lazima ushuke. Kilichokuwa 4.5 ndani ya ofisi yenye mapazia hakibaki 4.5 kwa dereva wa bodaboda anayetazama kiasi alicholipwa pale kijiweni Mbagala au Kisumu. Kwa hiyo kile kiwango cha WCAG mimi nakichukua kama sakafu, na sakafu yenyewe imepimwa kivulini.

Katika yote yaliyojaribiwa, ninayoiona imekaribia zaidi ni Mica, mandhari ya nyuma ya madirisha ya Windows 11. Inachota rangi ya picha uliyoiweka nyuma ya skrini mara moja tu, inaitia ukungu na tinti nzito, kisha inaikalisha nyuma ya dirisha. Haifuati madirisha mengine, kwa hiyo haipepesi, na haina hesabu ya kurudia kila fremu. Dirisha linapata rangi ya nyumba yake, na maandishi yanakaa juu ya kitu kinachojulikana. Wapenzi wa kioo watasema haina uhai, inafanana na ukuta uliopakwa rangi. Wana haki, hakuna kinachopita nyuma yake. Mimi ukuta uliopakwa rangi unanitosha kwa mahali pa kusomea. Kioo chenyewe kibaki kwenye vitu visivyo na maneno: kitelezi cha sauti, duara la kuchezea video, ukingo wa dirisha.

Na kwa waandishi wa programu wa hapa kwetu, wanaoiga sura hii sasa hivi kwenye programu za mikopo na tiketi, kosa ninaloliona mara nyingi si la falsafa hata kidogo. Mtu anataka kisanduku kipitishe nuru, anapunguza uzito (opacity) wa kisanduku kizima. Kila kilichomo ndani, herufi zikiwemo, kinafifia pamoja nacho. Dawa ni mstari mmoja: punguza uzito wa rangi ya nyuma peke yake, herufi ziache zikolee. Wa tovuti wana la ziada. Chrome, tangu toleo la 118 la Oktoba 2023, inaweza kuiambia tovuti kwamba mwenye kifaa ameomba uangavu upunguzwe. Kumsikiliza ni mistari michache tu ya mtindo (CSS).

Kabla ya kuitoa kazi, ijaribu hivi. Piga picha ya shuka jeupe lililoanikwa, uiweke nyuma ya kila paneli uliyobuni. Shusha mwangaza wa simu hadi nusu, kama anavyofanya mtu anayebana chaji. Toka nje saa sita mchana, mpe simu mtu ambaye hajawahi kuiona programu yako, umwombe akusomee salio.