Mapango ya Amboni Hayafiki Kilimanjaro, na Wageni Waambiwe

Ukizuru Mapango ya Amboni, nje kidogo ya jiji la Tanga, hukosi kusimuliwa habari za mbwa aliyepotelea humo ndani akaja kuonekana Kilimanjaro. Wengine huongeza njia ya chini kwa chini hadi Mombasa. Hadithi inanoga, wala sina ugomvi na anayeisimulia kama hadithi. Kinachoniuma ni watoto wa shule kuondoka nayo kama elimu, ilhali mwamba wenyewe una habari kubwa zaidi.

Mawe yale ya chokaa ni ya kipindi cha Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita. Bara kubwa la Gondwana lilikuwa linapasuka, Madagaska ikijitenga na pwani yetu, na bahari ikaingia kwenye ufa. Magamba ya viumbe, matumbawe na tope la chokaa vikatuama kwenye maji ya kina kifupi, tabaka juu ya tabaka, vikashindiliwa hadi vikawa jiwe. Anayetembea Amboni anatembea ndani ya iliyokuwa sakafu ya bahari.

Kisha maji yakaanza kulila jiwe. Mvua huchukua kaboni dioksidi hewani, na zaidi kwenye udongo wenye majani yaliyooza, ikawa asidi hafifu. Ikipenya kwenye nyufa huiyeyusha chokaa kidogo kidogo: ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa ukumbi. Humo ndani kazi hugeuka. Tone linaponing'inia darini, ile kaboni dioksidi hulitoka, na chokaa huganda pembezoni mwake, uzi mwembamba wa duara. Stalaktiti huanzia hapo. Tone likidondoka, hujenga stalagmiti chini. Mulika tochi: jiwe linaloendelea kukua lina unyevu na linang'aa nchani, lakini lililoshikwashikwa na wageni limefifia na kuingia weusi, kwa kuwa mafuta ya vidole huzuia chokaa mpya isishike. Ingekuwa amri yangu, hakuna ambaye angeruhusiwa kugusa.

Sasa yule mbwa. Chokaa ya Tanga ni ukanda mwembamba wa pwani. Ukienda magharibi unakuta mawe ya mchanga, halafu, kuelekea Muheza na milima ya Usambara, miamba migumu ya kale ambayo haiyeyuki kwa mvua namna hii. Kilimanjaro ni volkano, na haujafikisha hata miaka milioni 3. Njia ingepita wapi? Wapimaji wa Kijerumani na Kituruki waliofika mwaka 1994 hawakukuta pango linalofikia kilomita 1.

Wanaoitaja Mombasa, hata hivyo, wamelikaribia jambo la kweli. Pango haliendi huko, lakini chokaa ya Jurasiki inaibuka tena ng'ambo ya mpaka, kaunti ya Kilifi, ambako wanajiolojia huiita Chokaa ya Kambe. Juu yake kuna misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani makazi yao ya kale wanayoyaheshimu kama mahali patakatifu, Kaya Kambe ikiwemo, zilizoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mtoto wa Tanga na mwenzake wa Kilifi wanarithi pwani ya bahari moja ya kale, na sijui kwa nini tunawanyima habari hiyo.

Ninachotaka si kikubwa: bango la Kiswahili mlangoni pa Amboni lenye ramani ya ukanda huo na mchoro wa tone linavyojenga jiwe, na waongoza watalii wapewe mafunzo ya kulieleza. Mbwa wamsimulie baadaye, wakati wa kutoka.