Heri Pangaboi Linalotua

Ukizuka mjadala wa uwanja wa ndege wa Songwe, Mbeya, huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, iwe kijiweni Mwanjelwa au kwenye makundi ya WhatsApp, haupiti muda mtu anauliza ukubwa wa ndege. Watu wanataka Airbus. Ikija ya mapanga, yaani ya propela, wanaguna kwamba tumeletewa pangaboi, kana kwamba mkoa umedharauliwa. Mimi naona swali la kutangulia ni jingine: hiyo ndege itatua? Kuna kisiwa katikati ya bahari ya Atlantiki kilichosahau kuliuliza mapema, na hasara yake inatosha kutufundisha na sisi.

Kisiwa hicho ni Saint Helena, koloni la zamani la Uingereza ambalo hadi leo liko chini yake. Kina watu wapatao 4,500, na pwani ya Afrika iliyo karibu nacho iko umbali wa kilomita 1,900 hivi. Waingereza walikitumia kama gereza kwa sababu ya upweke wake. Napoleon alifia huko mwaka 1821. Hata Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyejifungia kwenye kasri la Unguja mwaka 1896 mpaka likapigwa mizinga, alipokamatwa Dar es Salaam mwaka 1916 alipelekwa uhamishoni huko, kabla ya kuruhusiwa kurudi pwani yetu na kufia Mombasa mwaka 1927.

Kwa miaka mingi njia ya kufika ilikuwa meli moja tu, siku tano baharini kutoka Cape Town. Mgonjwa aliyezidiwa alisubiri meli, au aliomba Mungu meli nyingine iwe inapita jirani. Serikali ya Uingereza ikaamua kujenga uwanja wa ndege kwa pauni milioni 285. Gawanya kwa idadi ya wakaaji, unapata zaidi ya pauni 60,000 kwa kila kichwa, mtoto mchanga akiwemo. Kisiwa ni mlima mtupu, kwa hiyo ilibidi bonde zima lifukiwe kwa mawe na udongo, karibu mita za ujazo milioni 8, ndipo ipatikane sehemu tambarare ya kulaza njia ya kurukia. Kazi ya kihandisi ilikuwa kubwa, na niseme wazi kwamba waliofukia bonde lile wanastahili heshima.

Kilichowaangusha ni upepo. Uwanja uko juu ya jabali, mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, na upepo wa kusini mashariki hauachi kuvuma. Ukifika ukingoni mwa jabali unavunjika, unajizungusha, unabadilisha kasi na mwelekeo ghafla, hapo hapo ndege inapokuwa inashuka na haina nafasi ya kujirekebisha. Aprili 2016 ilikuja Boeing 737-800 kwa majaribio, aina ile ile iliyotarajiwa kuleta watalii. Mara ya kwanza rubani aliishusha mpaka karibu na njia, akaahirisha, akapaa tena. Alifanikiwa kutua baadaye, lakini ufunguzi uliopangwa Mei ukasogezwa mbele bila tarehe. Magazeti ya Uingereza yakauita uwanja usio na maana kuliko yote duniani, na kamati ya bunge lao ikailaumu wizara husika kwa kutouona upepo huo mapema.

Wavuvi na wafugaji wa kule wanaishi na upepo huo kila siku ya maisha yao. Wa kwanza kuulizwa walipaswa kuwa wao.

Lakini dhihaka ile mimi naikataa. Hata kabla safari za abiria hazijaanza, ndege ndogo za wagonjwa zilikuwa zimeshaanza kutua na kuondoka. Na Oktoba 14, 2017 safari za ratiba zikaanza kutoka Johannesburg kwa Embraer 190, ndege ndogo kuliko Boeing na inayoumudu upepo ule. Hata hiyo haikujazwa: iliruhusiwa abiria 76 tu ingawa viti vyake vinakaribia 100, ili iwe nyepesi. Safari moja kwa wiki. Meli ikastaafu mwaka uliofuata. Kwa mkaaji anayetaka kumzika mama yake, au mwenye uvimbe unaohitaji daktari bingwa, saa sita badala ya siku tano ni kitu kisichopimwa kwa idadi ya watalii.

Abiria 76 ndiyo idadi ya viti vya Bombardier Q400 za Air Tanzania, hayo hayo mapangaboi tunayoyagunia.

Songwe si kisiwa, najua. Uwanja ulifunguliwa Desemba 2012 kuchukua nafasi ya ule wa zamani uliobanwa na nyumba katikati ya jiji la Mbeya, na njia yake ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Ndege kubwa inaenea bila shida. Lakini kwa miaka ya mwanzo haukuwa na taa za kuongozea ndege, na ukungu wa huku kila mtu anaujua. Asubuhi ya baridi unakaa pale na mchele wako wa Kyela uliofungwa kwenye kiroba, unasikia ndege inazunguka juu, huioni, halafu mlio unafifia kuelekea ilikotoka. Abiria wa Dar wanarudi Dar. Wewe unarudi stendi kutafuta basi, kilomita zaidi ya 800, Kitonga na Mikumi zinakungoja. Kama ulikuwa unampeleka mgonjwa Muhimbili, ukubwa wa ndege iliyogeuza haukusaidii chochote.

Kwa hiyo shilingi inayofuata, Songwe na hata Nduli kule Iringa, iende kwanza kwenye taa, mitambo ya kuongozea kutua na wapima hali ya hewa wa kutosha. Majengo ya kupigia picha yasubiri.

Pia takwimu zitangazwe kila mwezi, hadharani: safari ngapi zilipangwa, ngapi zilitua, ngapi ziligeuza, saa ngapi na kwa sababu gani. Wakulima wa Mbalizi wanaotoka shambani alfajiri wangeweza kusema leo hii ukungu unaondoka saa ngapi, lakini tunataka iandikwe. Na kama takwimu zitaonyesha kwamba asubuhi za Juni hazifai, basi safari ihamishiwe mchana jua likishapanda, hata kama itawakera wenye vikao vya asubuhi Dar.