Mti Una Kiwanja, Wewe Una Mkataba

Jamani, mtu akikwambia anahamia Athens, muulize kwanza: ya Ugiriki au ya Georgia? Ile ya Georgia, kusini mwa Marekani, ni mji wa watu kama 128,000 wenye chuo kikuu cha wanafunzi zaidi ya 40,000. Kila utakachokipenda pale na kila utakachokilaani kimeletwa na hao hao wanafunzi.

Chukua kodi ya nyumba. Karibu na chuo, mwaka una wiki hamsini. Mikataba mingi huanza katikati ya Agosti na kuisha mwisho wa Julai. Unalipa mafungu 12 yanayolingana kama mtu aliyekaa miezi 12, halafu zile wiki mbili za katikati unatolewa nje na ndoo zako ili wapake rangi. Ulale wapi? Shauri yako. Na usijidanganye kwamba utatafuta chumba Julai. Wenzio walishasaini tangu Oktoba.

Kuna nyumba za kukodi chumba kwa chumba, kila mpangaji na karatasi yake. Raha yake, wa chumba cha pili akitoroka, deni lake halikuhusu. Karaha yake, hukumchagua, na vyombo haoshi. Mkataba wa pamoja ni kinyume chake: mnasaini wanne, mmoja akipata mchumba akahama, mwenye nyumba anawadai ninyi watatu kodi yote. Dipoziti nayo isikupite hivi hivi. Siku ya kuingia piga picha kila ufa na kila doa la zulia, na orodha ya ubovu isainiwe na pande zote mbili. Sheria ya Georgia inampa mwenye nyumba siku 30 za kukurudishia, au akueleze kwa maandishi amekata nini. Asiye na picha atalipia tundu la msumari wa mpangaji aliyemtangulia.

Lakini wiki hiyo hiyo ya kuhama ndiyo sikukuu ya wabanaji matumizi! Makochi, meza, taa, feni, vyote vimemwagwa kando ya barabara kama mnada usio na dalali. Okota, ila usiokote kama fisi. Kochi lipindue miguu juu, chana kile kitambaa cheusi chembamba cha chini, mulika tochi kwenye mishono na pembe za mbao. Ukiona vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu imegusa, au maganda ya kahawia madogo kama ufuta, literemshe taratibu uondoke: hao ni kunguni, na wana shahada kukuzidi. Meza ya mbao tupu ifute uende nayo. Godoro usiguse, hata lingekuwa bado na plastiki yake.

Joto la Julai linapita nyuzi 32 na unyevu wake mtu wa Tanga anaujua. Basi kiyoyozi kinatoa jasho kuliko wewe, na maji yake yanatoka kwa bomba jembamba linaloota ukoko wa kijani likaziba. Likiziba, dari ya wa chini inaloa na ugomvi unaanza. Kila mwezi wa joto mimina kikombe cha siki kwenye mdomo wa bomba hilo, na chujio la hewa libadilishe kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Mwenye nyumba hatakwambia.

Sasa Jumamosi za mpira, sita au saba kila msimu kuanzia Septemba. Mpira wenyewe ni ule wa Kimarekani, unashikwa kwa mikono, tusiende huko. Uwanja wa Sanford, wa tangu 1929, upo katikati ya chuo na unameza zaidi ya watu 92,000. Maziwa na mkate nunua Ijumaa. Ukisahau, subiri mechi ianze: dukani utapishana na mtunza fedha tu. Ila uwe umerudi kabla ya kipyenga cha mwisho, maana baada ya hapo kilomita mbili ni saa nzima. Mwenye bustani mbele ya nyumba hugeuka tajiri wa maegesho, majani yakikanyagwa na akitabasamu.

Mabasi ya mji hayatozi nauli tangu 2020, sifa tunaupa mji, lakini usiku na Jumapili utayangoja hadi uote mizizi. Itabidi uwe na gari. Nalo namba zake hulipiwa kila mwaka, dola 20, na mwisho wa kulipa ni siku yako ya kuzaliwa. Wewe keki, serikali risiti. Watu wenyewe wanasalimia mpaka mbwa wako, hapo huwezi kulalamika. Ila ukiomba chai mgahawani unaletewa bilauri ya barafu na sukari. Chai!

Halafu, kwenye kona ya barabara za Finley na Dearing, upo mwaloni ambao watu wa mji wanakubali kwamba unajimiliki wenyewe, pamoja na ardhi ya futi 8 kila upande. Ule wa kwanza ulianguka 1942, mwaka 1946 wakapanda mtoto wake palepale, na urithi ukapita bila kesi. Haulipi dipoziti, na Julai hakuna anayeuambia upishe rangi.