Posa ya Visanduku Vinne

Mwaka 1999 nilikuwa nikichora katuni ya visanduku vinne kwa ajili ya gazeti moja la Dar es Salaam, huku nikiishi katika chumba cha kupanga mjini Dodoma. Kazi hiyo niliitamani tangu utotoni, niliposimuliwa jinsi Chakubanga, mhusika wa katuni za Christian Gregory, alivyowavunja mbavu wasomaji wa gazeti la Uhuru. Hakuna aliyenidokeza kwamba vumbi la Dodoma hunasa kwenye wino mbichi, hata msomaji mmoja akaandika barua kuuliza kwa nini anga la katuni zangu lina inzi wengi kiasi kile.

Kila wiki niliitia kazi yangu katika bahasha ya kaki na kumkabidhi kondakta wa basi. Wiki hiyo nilikuwa nimemchora mzee mwenye kitambi akipanga mahari ya binti yake: kisanduku cha kwanza alitaja ng'ombe 10, cha pili, baada ya kuletewa chai, 15, cha tatu, baada ya kuona saa mkononi mwa mposaji, 20, na cha nne ng'ombe walichungulia dirishani, mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Tukimbie, huyu atatumaliza."

Basi, wiki hiyo hiyo mdogo wangu alikuwa akiposa Mpwapwa, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa ukoo mzima, mimi ndiye niliyepewa heshima ya kuandika barua ya posa. Usiku umeme ulikatika. Bahasha zote mbili zilikuwa za kaki, na zote zilikuwa mezani.

Baba mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga, aliipokea bahasha yake alfajiri kwa mikono miwili, na alipofika mbele ya wazee wa upande wa pili aliikabidhi kwa maneno mazito: "Kila kilichomo humu ndicho ukoo wetu ulichokusudia kusema." Baba wa binti akaifungua, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akampa aliyekaa kulia kwake. Karatasi ikazunguka ukumbi mzima, na kila ilipopita, macho yalihama kutoka kwenye mchoro hadi kwenye tumbo la mwenye nyumba.

Jioni mhariri alinipigia simu kupitia duka la jirani. "Bwana mchoraji, ombi lako la kuoa tumelipokea, lakini hapa ofisini hatuna binti. Nafasi yako kesho tunaweka tangazo la mbolea."

Faini ilikuwa ng'ombe mmoja, mbali na mahari. Nilisafiri hadi Mpwapwa kuomba radhi, nikakaribishwa mkekani bila neno. Mzee akaingia chumbani, akarudi na ile katuni, akaikunjua taratibu na kuweka kidole juu ya kitambi.

"Kijana, ng'ombe nimemsamehe," akasema. "Lakini hili tumbo ulilipima lini?"