Wagonjwa kuwa wachache sio ruhusa ya kubahatisha

Kila magonjwa adimu yakitajwa lazima atokee mtu aseme wagonjwa wenyewe wachache bwana, jaribio la maana haliwezekani, wapeni tu dawa tuone. Mi naona kinyume kabisa. Ukishawatumia hao wachache kwenye jaribio bovu hupati wengine wa kurudia nao, na jibu bado huna.

Cheki kilichotokea Marekani, ripoti yake ilitoka 1985. Vichanga vilikuwa vinashindwa kupumua, na madaktari wana ECMO, ile mashine inayotoa damu nje ya mwili, inaitia oksijeni halafu inairudisha. Hawakutaka kugawa nusu kwa nusu, wakatumia kura inayojirekebisha, yaani tiba ikifanikiwa basi nafasi ya mtoto anayefuata kuipata inaongezeka. Wa kwanza akaangukia ECMO akapona, wa pili akaangukia matibabu ya kawaida akafariki, na baada ya hapo wote waliobaki wakaenda ECMO na wote wakapona. Jumla watoto 12, na kwenye kundi la ulinganisho, yaani wasiopewa tiba mpya, yuko mmoja tu! Nia ilikuwa nzuri, siwalaumu, ila nani atashawishika na mtoto mmoja? Ubishi ukaendelea mpaka Uingereza walipotoa matokeo ya watoto 185 mwaka 1996: waliopelekwa ECMO walifariki 30 kati ya 93, wengine 54 kati ya 92. Hapo ndo watu wakatulia.

Sasa njoo kwenye SMA aina ya kwanza, ugonjwa wa kurithi unaomaliza nguvu za misuli ya mtoto. Dawa ya nusinersen ilijaribiwa kwa watoto wapatao 120 tu, kila wawili wa dawa kwa mmoja asiyepewa. Asiyepewa alichomwa kasindano kadogo mgongoni na kubandikwa plasta ili mzazi asijue. Inauma kuisoma, najua. Lakini walipochungulia matokeo katikati, 21 kati ya 51 wa dawa walikuwa wamepiga hatua kwenye kusogeza viungo, upande wa pili hakuna hata mmoja kati ya 27, basi jaribio likasimamishwa mapema na wale wengine wakafunguliwa mlango wa kupata dawa. Ndo faida ya kupanga tangu mwanzo ni lini utachungulia.

Tiba ya jeni, yaani kumwingizia mtoto jeni anayoikosa, ya ugonjwa huohuo ilianza na watoto 15, bila kundi la ulinganisho, wakalinganishwa na rekodi za watoto wa zamani. Ilikubalika sababu rekodi zilikuwepo na ugonjwa unajulikana unakoelekea bila dawa. Kwa ugonjwa ambao huyu anazidiwa ndani ya mwaka na yule anakaa miaka kumi, usijaribu kulinganisha na rekodi. Na hata rekodi zikiwepo, kama ni za enzi ambazo huduma ya kupumua ilikuwa duni, dawa itaonekana kiboko hata kama haina kitu.

Ndo maana ningekuwa na hela za utafiti ningeanza na rejista kabla hata dawa haijapatikana: nani anaumwa, aliacha kutembea lini, alianza mashine ya kupumulia lini, vipimo vilevile kila mahali. Kazi inaboa na hakuna anayeipigia makofi. Na isifungiwe na kampuni moja, maana kampuni ya pili ikija na dawa yake itabidi ianze upya na familia zilezile.