Nalipa Kiingilio Nikatazamwe na Samaki

Samaki ni chakula, au si chakula? Basi mbona huyu wa mlimani tunamwendea kama tunaenda kuposa? Omena unapimiwa kwa gorogoro pale sokoni, unaongezewa kiganja, unaenda zako. Ngege unamkuta kwenye sinia amekaangwa tayari, macho wazi, hana kinyongo na mtu. Lakini trauti! Trauti anataka umpandie mlima, umvalie nguo za rangi ya majani makavu, umpigie magoti. Kisha anakutazama, anakukataa.

Chukua Ziwa Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya. Toka mjini Chogoria hadi lango la hifadhi ni kama kilomita 30 za njia ya msituni, na mvua ikinyesha njia hiyo hugeuka uji wa wimbi. Gari lisilosukuma kwa magurudumu yote 4 litalala hapo, nawe utalala nalo. Kiingilio kinalipwa kwa mtandao, kwa hiyo lipa ukiwa bado mjini. Huko juu simu ni tochi tu. Leseni ya kuvua ni karatasi nyingine na pesa nyingine. Ukifika ziwani uko mita 3,400 na ushee juu ya bahari, kichwa kinatwanga kama kinu, na ndoana bado haijaona maji. Kunywa maji mengi, tembea polepole, na kichwa kikizidi, shuka. Samaki hatakusikitikia.

Na huyo anayejidai hivyo si mwenyeji hata kidogo! Kenya aliletwa na Ewart Grogan, mlowezi wa Kiingereza, mwaka 1905. Alitolewa Scotland akatiwa Mto Gura, kule Nyandarua. Zaidi ya miaka 100 tunaishi naye, na mpaka leo akimwona mtu anakimbia.

Kosa ni la maji. Yako baridi na maangavu, jiwe lililo chini unalihesabia madoa. Mgeni hufurahi: ah, samaki nitamwona! Ndugu yangu, yeye amekuona tangu ukifungua zipu ya begi. Trauti akiwa chini anaona dunia ya juu kupitia dirisha la mviringo juu ya kichwa chake. Akiwa kina cha mita 1, dirisha hilo lina upana wa mita 2 na robo hivi, na kadiri anavyozama ndivyo linavyopanuka. Nusura yako iko pembeni mwa dirisha, ambako vitu vifupi hubanwa na kufifia. Hesabu ya kutumia ni digrii 10 kutoka usawa wa maji: kaa chini ya mstari huo, hatakuona vizuri. Ukiwa mita 10 kutoka ukingo wa dirisha lake, mtu wa kimo cha kawaida anaweza kusimama wima. Ukiwa mita 5, usizidi sentimita 90. Sentimita 90 ni kupiga magoti! Mtu mzima, baba wa watoto, magotini kwenye nyasi zenye umande wa barafu, akimnyatia kiumbe wa gramu 300.

Usivae nyeupe. Usisimame jua likiwa mgongoni, kivuli chako kitatangulia kumsalimia. Na usitembee kwa kishindo, maana ubavuni ana mstari wa kuhisi mtikisiko. Ile ardhi ya matope na nyasi inampelekea habari zako kabla hujafika.

Haya, vifaa. Ufito wa futi 9, mshipi mnene wa uzito namba 5 au 6, na mbele yake uzi mwangavu wa nailoni wa futi 9 hadi 12 unaozidi kuwa mwembamba, mwishoni ukiwa wa kubeba kilo 2 tu. Mtu akiona wembamba huo hushtuka, akafunga wa kilo 5 ili awe salama. Atakuwa salama kweli, hakuna samaki atakayemsumbua, kwa sababu katika maji haya uzi mnene unaonekana kama kamba ya kuanikia nguo. Chambo ni nzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana: Kenya Bug mweusi, au Mrs Simpson. Minyoo waache shambani, maji ya trauti kwa desturi ni ya nzi wa bandia.

Fundo ndilo linalotoa watu machozi. Pitisha uzi kwenye tundu la ndoana, uzungushe juu ya wenyewe mara 5, rudisha ncha kwenye kitanzi cha kwanza karibu na tundu, kisha ipitishe kwenye kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Hapo kabla ya kukaza, litie mate. Usione kinyaa! Fundo likikazwa kavu, nailoni inasuguana, inapata moto, inadhoofika. Samaki akikuponyoka, angalia mwisho wa uzi. Ukikuta umejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo lako liliteleza. Wacha kumsingizia samaki.

Sasa kurusha. Nzi wa bandia hana uzito, kinachompeleka ni ule mshipi mnene. Waingereza hufundisha kwamba ufito usimame saa 10 mbele na saa 1 nyuma. Ukiyachukua hayo kwa saa zetu, utajikuta unavua kuanzia alasiri mpaka giza likuingie, na kichekesho ni kwamba huo ndio wakati mzuri hasa. Wao lakini wanasema uso wa saa: namba 10 ni mbele ya macho, namba 1 ni nyuma ya sikio kidogo. Ufito ukifika nyuma, ngoja. Mshipi unyooke wote nyuma yako ndipo urudishe mbele. Asiyengoja husikia mlio kama wa mjeledi, akaendelea kuvua nusu saa nzima kwa uzi usio na kitu, maana nzi alikatika kwa mlio ule. Anayeshusha ufito mno ananasa vichaka nyuma yake. Vichaka vya mlimani huku vimevaa manyoya ya watu kama mti wa sikukuu.

Upepo nao. Asubuhi ziwa ni kioo, kufikia adhuhuri mawingu yamekaa mlimani na upepo unakurudishia mshipi usoni. Ukiona kijifundo kimetokea katikati ya uzi, kata ufunge upya; kijifundo hicho hupunguza nguvu ya uzi karibu nusu. Watu hukiita fundo la upepo. Upepo gani! Ni mkono wako uliosukuma kwa pupa.

Nzi akitua, mwache azame huku ukihesabu hadi 10. Vuta sentimita 15, tulia, vuta tena. Hakuna kitu? Mrusho unaofuata hesabu 20. Saa za jua kali, trauti, ambaye hana kope za kufumba, hushuka kwenye kina, nawe utahesabu mpaka usahau ulichokuwa unahesabu. Vidole havina habari kufikia hapo, na alfajiri vipete vya ufito vinavyopitisha mshipi hushika barafu. Vipete hivyo vichovye majini, usivigongegonge.

Halafu anauma. Pwani wanasema hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Waje waone hasira za huyu! Akiruka, inamisha ncha ya ufito uzi ulegee kidogo, la sivyo ataukata kwa uzito wake. Akikimbia, mpe mshipi. Kiwavu kitulize ndani ya maji, umlete samaki juu yake. Ukimfukuza kwa kiwavu kutoka mkiani, atajitupa mara moja tu, na hiyo itatosha. Ukitaka kumrudisha, lowesha mikono kwanza, kwa sababu mkono mkavu humvua ute wake, na pasipo ute kuvu humshika.

Wa kula, mpasue kutoka tundu la chini hadi kwenye matamvua, toa matumbo, kisha kwangua kwa ukucha ile damu nyeusi inayoshikamana na uti wa mgongo. Ikibaki, nyama huwa chungu. Kupara hakuna haja, magamba ni madogo. Chumvi, unga kidogo, mafuta yapate moto kwelikweli, dakika 4 kila upande. Mafuta hayajui urefu wa mlima, lakini maji yanaujua: hapa yanachemka kwenye digrii 88 au 89, na yule mwenzenu aliyebeba mahindi makavu na maharagwe ya githeri hakuambiwa. Basi samaki ameiva. Gramu 300, ondoa kichwa, matumbo na mifupa, inabaki nusu. Mko 4. Na githeri bado inagonga sufuria kama changarawe.